MR2 yenye V6 ya Harrier na turbo mbili: kazi ya gereji ya Dodoma tumeipima

Gari ni Toyota MR2 SW20 ya 1994, ya viti viwili, injini ikiwa imelazwa kwa upana nyuma ya viti na mbele ya ekseli ya nyuma. Ilitoka Japani na injini ya 3S-GTE, silinda nne yenye turbo moja. Gereji moja ya hapa Dodoma iliitoa, ikaweka 1MZ-FE, ile V6 ya lita 3 ambayo wengi tunaifahamu kwenye Harrier, kisha ikaipa turbo mbili. Kazi ilichukua wiki tisa. Jina la gereji hatulitaji.

Tuseme wazi tangu mwanzo. Mikono ya kuchomelea na kufunga vyuma ni ya kusifiwa. Njia za oili na kinga ya joto zilibidi zirudiwe. Upangaji wa kontroo boksi, kompyuta inayoamua petroli na moto wa plagi, ulitoka gerejini ukiifaa Dodoma tu, na hilo lingeweza kuua injini siku ya kwanza gari linateremka kwenda pwani. Mwenye MR2, au gari lolote la injini ya katikati, akitaka kazi kama hii, hayo matatu ndiyo ya kukagua kabla ya kulipa salio.

Uchaguzi wa injini tunauunga mkono. 1MZ-FE ina bloku ya alumini, silinda zimepangwa V ya nyuzi 60, vipuri vyake vinapatikana kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, bila kuhangaika, na giaboksi ya E153 iliyokuja na MR2 ya turbo inakaa kwenye bloku yake bila adapta. Ubaya wake mkubwa ni tope la oili. Injini hizi, hasa za 1997 hadi 2002, zinajulikana kwa oili kuganda na kuwa kama lami chini ya vifuniko vya valvu. Kwa hiyo usinunue injini ikiwa imefungwa. Fungua vifuniko vyote viwili hapohapo dukani. Ukiona rangi ya asali iliyokolea, endelea; ukiona utando mweusi unaokwanguka kwa kucha, iache, kwa sababu turbo hulishwa na oili hiyohiyo na haina subira na uchafu. Kisha pima mgandamizo kwenye silinda zote sita. Kwa mwinuko wa Dodoma usishtuke namba zikiwa chini kuliko za kitabu, kwani hewa yenyewe ni nyepesi. Kinachotakiwa ni silinda zisipishane zaidi ya psi 15.

Gereji ilifanya jambo moja la busara ambalo wengi hulikwepa. Ilibadilisha taimingi belti, wota pampu, tenshena na sili ya kranki injini ikiwa bado mezani. Kwenye MR2, V6 ikishaingia, puli ya kranki inakaribiana na chesisi kiasi kwamba hata kuingiza spana ni kazi. Wota pampu ya injini hii huzungushwa na taimingi belti, hivyo pampu ikivuja baadaye utafungua upande wote ule. Vipuri hivyo vinne kabla ya injini kuingia ni gharama ndogo mno.

Injini ya MR2 huingia kwa chini. Gari liliinuliwa nyuma, injini na giaboksi vikasukumwa vikiwa vimeshaunganishwa, kisha vikapandishwa kwa jeki. Mauntingi ya upande wa giaboksi ilibaki ya kiwandani. Ya upande wa puli na zile mbili za mbele na nyuma zilitengenezwa kwa bamba la milimita 8, zikachomelewa kwa gesi ya argoni, na raba zake ni za kawaida, si za plastiki ngumu. Hapo tunawapongeza. Mauntingi ngumu kwenye gari ambalo injini iko sentimita chache nyuma ya kichwa cha dereva hugeuza safari ya Iringa kuwa adhabu. Kumbuka pia kwamba Harrier ni otomatiki tupu, hivyo flaiwili, gurudumu zito ambalo klachi hushikia, haiji na injini. Iliagizwa ya Camry V6 ya manyuali, pamoja na preshapleti na klachi pleti mpya. Mnunuzi aitafute flaiwili kabla ya kitu kingine chochote, maana ndiyo huchelewesha kazi wiki kadhaa.

Sasa turbo zenyewe. Zilichaguliwa TD04, aina ile ya kwenye Forester za turbo, moja kwa kila upande wa V. Ni chaguo zuri kwa lita 3: ni ndogo, zinaamka mapema, na kila moja inahudumia silinda tatu tu. Westigeti, valvu inayozuia presha ya turbo isizidi, ina springi ya bar 0.4, na haifai kuzidi hapo bila kufungua injini, kwa sababu 1MZ hii ina mgandamizo wa 10.5 kwa 1, ambao ni mkubwa kwa injini ya kusukumiwa hewa. Anayetaka bar moja lazima aweke pistoni za mgandamizo mdogo kwanza. Anayeahidiwa bar moja kwa pistoni za Harrier anauziwa injini iliyopasuka.

Turbo ya upande wa buti inapumua vizuri na kufikika kwake ni rahisi. Ya upande wa kabini imebanwa kati ya injini na ukuta wa nyuma ya viti, na matatizo mengi ya kazi hii yamezaliwa hapo.

La kwanza lilikuwa oili ya kurudi. Oili huingia kwenye turbo ikiwa na presha, lakini hutoka kwa uzito wake tu. Ikishapita kwenye bushi huwa imechanganyika na hewa, ina povu, na inahitaji njia pana iliyoteremka. Kwenye turbo ya upande wa kabini gereji ilifunga mpira wa petroli wa milimita 10, wenye klampu mbili, ukapita juu ya giaboksi ukiwa umelala kama nyoka aliyeshiba, halafu ukaingia kwenye bamba la chini la sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Makosa matatu kwa mpira mmoja. Ni mwembamba, haukuteremka, na uliingia chini ya usawa wa oili, kwa hiyo oili ya sampu ilikuwa inausukuma kurudi juu. Dalili yake ni hii: gari likitoka kwenye mbio ndefu na kusimama kwenye taa, moshi wa bluu unatoka ekzosi moja tu, na ukikanyaga mafuta unakatika. Fundi asiyejua atakwambia sili za turbo zimekufa na ununue nyingine. Turbo mpya nayo itatoa moshi uleule.

Dawa ni bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 19, na lisipungue 16 kwa namna yoyote, lisiloegemea zaidi ya nyuzi 35 kutoka wima. Lazima liingie kwenye sehemu ya juu ya sampu, ile ya alumini, juu ya usawa wa oili. Sampu ya 1MZ ina vipande viwili, cha juu cha alumini na cha chini cha bati, na tundu linachomelewa kwenye alumini. Gereji ilikubali kosa na kurudia bila malipo, ikiwa ni pamoja na kushusha sampu na kuisafisha chembe zote za chuma. Moshi ulikwisha. Kwa hilo tunawapa heshima yao, kwa sababu si kila gereji hushusha sampu mara mbili kwa pesa ya mara moja.

Wakati huohuo valvu ya PCV, inayotoa mvuke ndani ya bloku, nayo ilibadilishwa. Ya Harrier haikukusudiwa kuzuia presha ya turbo, na ikivuja kurudi nyuma hujaza hewa ndani ya bloku, oili ikatoka kwenye kila sili na turbo zikazidi kushindwa kumwaga. Imewekwa valvu ya njia moja na kopo la kunasia mvuke wa oili. Kopo hilo limwagwe kila unapobadili oili.

La pili ni joto, na hapa hatukuridhika hata baada ya marekebisho. Gari la injini ya mbele linapata upepo wa grili. MR2 haipati. Hewa inaingia kwa matundu ya ubavuni na kutokea juu kwenye kifuniko, na gari likisimama hakuna kinachotembea ila feni. Gereji ilifunga manifoldi za ekzosi bila kinga yoyote, na fungu la nyaya za nozeli za petroli likapita kiganja kimoja kutoka kwenye turbo. Baada ya mwezi mmoja plastiki ya kifungio ilikuwa imelainika na kugeuka kahawia, na waya mmoja ulikuwa umeanza kuonyesha shaba. Waya huo ukigusa bodi, nozeli inabaki wazi na silinda moja inafurika petroli, au fyuzi inakatika na injini inazimika. Sasa kuna bati la kinga lenye nafasi ya hewa nyuma yake, blanketi za turbo, na nyaya zimehamishwa juu na kuvishwa soksi ya kuhimili moto. Hayo yote yalipaswa kufanyika siku ya kwanza. Mpira wa petroli unaopita karibu nao uvishwe hivyohivyo. Mtungi wa kuzimia moto, ambao sheria inautaka kwenye kila gari, kwenye MR2 ya namna hii ukae ndani karibu na kiti, si kwenye buti iliyo nyuma ya injini.

Joto hilohilo ndilo linaloamua turbo zivute hewa wapi. Chukua presha ya bar 0.4 hapa Dodoma na turbo yenye ufanisi wa asilimia 70. Hewa ikiingia ikiwa na nyuzi 35, inatoka na nyuzi kama 85. Ikivutwa ndani ya chumba cha injini, ambacho foleni ikikaa hufika nyuzi 60, inatoka na zaidi ya 110. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha injini inayokwenda kimya na injini inayogonga, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda. Kila turbo ipate bomba lake kutoka tundu la ubavuni. Filta ziwe za karatasi, kubwa, ndani ya boksi lililofungwa. Zile koni za wazi zinazopakwa mafuta zinapendeza machoni, ila vumbi la Nkuhungu na Nzuguni wakati wa kiangazi halichezewi. Mchanga laini hula ncha za mapanga ya turbo kidogokidogo hadi presha inashuka na hakuna anayejua kwa nini. Kila kilomita 5,000 filta zitolewe zikaguliwe.

Intakula ya kiwandani ya MR2, kile kipoza hewa ya turbo kidogo cha ubavuni, haitoshi V6. Imewekwa ya maji, yenye pampu yake ya umeme na rejeta yake ndogo mbele ya gari. Kazi safi, mabomba yamefungwa vizuri chini ya sakafu. Kasoro ni moja tu. Pampu ilifungwa sehemu ya juu ya mzunguko, ikawa inavuta hewa badala ya maji. Pampu hizi zikae chini kuliko tanki lake. Imeshushwa, na sasa mkono ukiweka kwenye bomba la kurudi unasikia maji yanatembea.

Upande wa maji ya injini, rejeta ya MR2 iko mbele na injini iko nyuma, zimeunganishwa na mabomba mawili marefu chini ya gari. Mfumo mzima unameza takribani lita 14, na hewa hupenda kubaki kwenye sehemu ya hita na juu ya rejeta. Ukijaza kama unavyojaza Corolla utaunguza gasketi ya sailinda hedi ukidhani maji yamejaa. Inua mbele ya gari kidogo, weka hita kwenye joto la mwisho, funga mipira ya plastiki angavu kwenye valvu mbili za kutolea hewa, ya rejeta na ya hita, iinue juu ya usawa wa mdomo wa kujazia, kisha jaza polepole hadi mipovu ikatike kwenye mipira yote miwili. Baada ya injini kupata moto na kupoa, rudia.

Gereji ilitoa themostati, valvu ya maji inayofunguka injini ikipata joto. "Dodoma joto, themostati ya nini?" Tumeisikia kauli hiyo kila kona ya mji na tunaipinga kwa nguvu zote. Kwenye injini za Toyota ambazo themostati yake pia hufunga njia ya mkato, ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta, na gari linapata joto zaidi kwenye mlima. Barabarani penye upepo, injini inabaki baridi, kontroo boksi inaendelea kumwaga petroli ya kuamshia asubuhi, na oili inachanganyika na petroli. Imerudishwa ya nyuzi 82. Kifuniko cha rejeta nacho kiwe kizima. Kwa mwinuko huu maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96. Kifuniko cha bar 0.9 huyapandisha hadi karibu 116, na kikilegea unaipoteza akiba hiyo yote.

Petroli na moto wa plagi viliwekwa sawasawa, kwa hiyo hatutakaa sana hapo. Nozeli sita za sentimita za ujazo 440 kwa dakika, pampu ya lita 255 kwa saa, plagi za daraja moja baridi zaidi na pengo la milimita 0.7 badala ya 1.1, kwa sababu presha huzima cheche kwenye pengo pana. Kwa nguvu farasi 270, ambazo ni matarajio ya haki kwa bar 0.4 hapa Dodoma, nozeli za 350 zingetosha, hivyo kuna akiba. Nozeli zipimwe kwa mita kabla ya kufungwa: ohmu 12 hadi 16 zinafungwa moja kwa moja, ohmu 2 hadi 4 zinahitaji rezista, la sivyo zinaunguza kontroo boksi.

Tuje kwenye upangaji, jambo tunaloliona zito kuliko yote. Dodoma iko mita 1,120 hivi juu ya bahari. Presha ya hewa hapa ni kPa 88 na ushee (kPa 100 ni bar moja). Pwani ni 101. Springi ya westigeti haijui uko wapi, inaongeza bar 0.4 juu ya hewa iliyopo. Kwa hiyo injini hii hapa inapata kPa 128 na kidogo, lakini ikifika Dar es Salaam inapata 141, yaani hewa asilimia 10 zaidi, dereva akiwa hajagusa kitu. Fundi aliyepanga aliishia kwenye safu ya kPa 130 ya jedwali la kontroo boksi, kwa sababu gari halikuwahi kuvuka hapo alipokuwa anapima. Safu za juu yake zilikuwa zimeachwa na namba za kubahatisha, petroli ikiwa kidogo na moto wa plagi ukiwa mapema. Ukitoka Gairo ukiteremkia Morogoro, ambako ni kama mita 500 tu juu ya bahari, tayari umeingia kwenye safu hizo, tena kwa gia ya juu na mzigo mzito. Injini ya mgandamizo wa 10.5 ikigonga hapo, pistoni inapasuka kwenye ringi.

Kupanga kwa ajili ya pwani hakulazimu gari lipelekwe pwani. Hapahapa Dodoma presha ikipandishwa kwa muda hadi bar 0.53, injini inapata kPa 141 zilezile, na kwa kuwa turbo inafanya kazi zaidi hewa inakuwa ya moto zaidi kuliko itakavyokuwa kule, namba zinatoka zikiwa upande wa usalama. Zipangwe kwa mivuto mifupi, lambda ya upana, sensa ya ekzosi inayopima uwiano wa hewa kwa petroli, ikisoma 11.5 hadi 11.8, sensa mbili za kugonga zilizo katikati ya V zikisikilizwa kwa kifaa cha masikioni, kisha presha irudishwe 0.4. Safu zijazwe hadi kPa 150, na juu ya hapo kontroo boksi ikate petroli. Gereji ilisema hiyo ni kazi mpya na ikaitoza upya. Hatukubaliani nayo. Gari la Dodoma ambalo haliwezi kufika Chalinze halijakamilika.

Barabarani sasa gari ni tamu. Turbo zinaamka mapema kwa sababu ya ukubwa wa injini, klachi haitelezi, na gia ya tatu kuelekea Mtera inavuta bila kusita wala kishindo. Nyuma kuna tairi 225/50R15 na uzito mwingi, hivyo mvua za kwanza za Desemba zikichanganyika na vumbi la lami, usiachie mafuta ghafla katikati ya kona. MR2 hugeuka nyuma-mbele haraka kuliko mkono wa dereva.

Oili ni lita 4.7 pamoja na filta, ongeza nusu lita na zaidi kwa ajili ya mabomba ya turbo, halafu pima kwa dipstiki. Tumia sintetiki kamili ya 5W-40 na uibadilishe kila kilomita 5,000. Baada ya kilomita 500 za kwanza nati zote za manifoldi na klampu za turbo zikazwe upya injini ikiwa baridi. Kadi ya gari nayo inabeba namba ya injini na ujazo wake, na hapa ujazo umetoka lita 2 hadi 3. Mabadiliko yapelekwe TRA na bima ijulishwe, la sivyo siku ya ajali utabishana na watu wenye karatasi.

Lililobaki bila dawa ni feni ya chumba cha injini. Imeunganishwa kwenye swichi, inazimika unapotoa ufunguo, wakati ambapo turbo ya upande wa kabini ndiyo inaanza kuoka kila kilicho karibu nayo. Inatakiwa rilei yenye sensa ya joto iiache izunguke dakika chache baada ya injini kuzimwa. Gereji imeahidi kuifunga wiki ijayo. Hadi hapo, dereva anafungua kifuniko cha nyuma kila anapoegesha.